Kinamasi Kibaki

"Futa neno hilo, uone!"

Kiganja cha mwalimu wa Kiswahili kilitua juu ya ramani mpya kabla kalamu haijaifikia. Mchoraji ramani wa halmashauri akarudi nyuma. Pembeni, tajiri wa majumba alikuwa amekunja nne, anacheka.

"Dada, punguza moto. Nani atanunua nyumba mahali panapoitwa Kinamasi? Tutapaita Uwanda wa Neema. Mama yako atapewa fidia, ahame. Kwisha."

"Mimi si dada yako. Na maneno haya hayakuokotwa jalalani!" Kiganja hakikubanduka kwenye ramani. "Dimbwi hukauka jua likiwaka. Bwawa lina kingo. Kinamasi hakina chini, kinanyonya tu. Leo mguu, kesho ukuta, keshokutwa mtoto kitandani. Aliyepaita hivyo alijua anachosema."

"Mbona mama yako hajazama?"

"Kibanda cha udongo kina uzito gani? Weka ghorofa zako tano! Wewe umewahi kukanyaga pale?"

"Na viatu hivi?" Tajiri akanyanyua mguu, ngozi ikang'aa. "Nikafanye nini matopeni?"

"Basi jenga! Ukuta wa kwanza ukididimia, nitasimama barabarani na ramani ya zamani mkononi, niwaambie watu nani alifuta onyo."

Alinyakua glasi ya maji ya mchoraji, akaigugumia yote. Akajimiminia nyingine bila kuomba, nayo akaimaliza.

Kicheko cha tajiri kilikuwa kimekauka. Alimtazama mchoraji, mchoraji akatazama dari.

"Viwanja viko vingi," tajiri akasema hatimaye, akichukua funguo za gari. "Baki na vyura wako."

Mwalimu alirudi kwa mama yake kwa miguu. Kwa nini mtu apiganie hadi pa kulaza ubavu? Alimkuta mama analima. Kila jembe lilipotua, vumbi lilimrukia hadi kwenye nyusi.

"Wanatuhamisha?"

"Hawaji, mama. Kinamasi kimebaki kwenye ramani."

Mama akatema vumbi, akaegemea jembe.

"Bibi yako walimfukuza Chemchemi, wakamfukuza na Bustanini," akasema. "Alipofika kwenye ukame huu, akaapa jina atalitunga mwenyewe."