Mwali Chini ya Paa la Kuficha

Shoga, nikwambie! Nimefungiwa ndani mwali, nimechoka hadi macho, nalala chali natazama dari tu. Leo dari likatokeza tumbo.

Paa letu ni lile la kuficha, limezungukwa na ukuta juu, mvua haikatiki, na bomba la kutolea maji limeziba kwa majani. Nikapiga hesabu ya chuoni: maji ya sentimita kumi tu, kila mita ya mraba inabeba kilo mia.

"Bi Mwanahawa, tutoke, paa linashuka!"

Kungwi wangu akaendelea kunipaka liwa mwilini. "Mwali hatoki. Kichwa kimejaa chuo, ndoa itakaa wapi?"

Vumbi la jipsamu la dari likatuangukia. Nikamvuta mkono, nikafungua mlango, kichwa wazi.

Sebuleni, wakwe waliokuja kutoka Mtunda kwa harusi waliponiona mwali nje wakanyamaza wote. Kwenye ukimya ule tukasikia mbao za paa zinalia.