Wa Mwisho Kufungwa Tai

Chupa ya sharubati ilikuwa imevalishwa tai ya kipepeo, na bawa moja la kipepeo huyo lilikuwa linaning'inia kama sikio la mbwa aliyenyeshewa.

"Hapo umeinyonga, hujaifunga," mpishi wa keki alisema. "Fungua, anza tena."

Mhudumu alifungua. Zamu ya jioni ilikuwa inakaribia, na leo ilikuwa lazima ajue.

Zamani wahudumu wa hoteli ile walivaa tai za kubandika, zile unazochomeka kwenye kola ukaendelea na maisha yako. Msimamizi mpya wa ukumbi alipofika alizitupa zote kwenye pipa la takataka. Akaleta za kufunga kwa mkono, na pale ukumbini msimamizi pekee ndiye aliyejua kuzifunga. Tangu hapo, kila jioni wahudumu walipanga foleni mlangoni pa ofisi yake, videvu juu, kama watoto wanaosubiri dawa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mafundo yake yalikuwa mazuri. Na hao wengine aliwafunga chapuchapu, mlango ukiwa wazi.

Mhudumu huyu alikuwa anaitwa mwisho, na kwake mlango ulifungwa kwa ufunguo.

"Keti hapo, kipenzi," msimamizi angesema, akionyesha kiti kifupi, ili shingo iwe karibu. Vidole vyake vilikuwa na pete za baridi. Vilizunguka kola polepole, vikashuka kifuani, vikaisahau tai kabisa. Mhudumu alitoka mle ndani akitamani kujichuna ngozi.

Alijaribu kusema. Alimwambia dada yake, dada akacheka mpaka chai ikampalia. "Wenzako wanaomba wapendwe na bosi, wewe unalia!" Akaenda kwa afisa utumishi, mzee wa heshima zake. Mzee alimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Wewe? Na umbo lote hilo?" Akavua miwani, akapangusa machozi ya kicheko. "Nenda kafanye kazi, mwanangu. Usinichekeshe mchana kweupe."

Nyumbani hakuthubutu hata kuanza. Mwenzi wake angesema ameyataka mwenyewe. Kuacha kazi nako hakukuwezekana, kwa sababu nyumba nzima ilikula kwa mikono yake, na mameneja wa hoteli za mji ule walikuwa wanapigiana simu kabla ya kumwajiri mtu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na shingoni ndipo hasa alipokuwa hataki kuguswa.

Ni mpishi wa keki peke yake ambaye hakucheka.

"Mimi nakuamini, mdogo wangu," alimwambia. "Ila mimi ni mtu wa unga na sukari, nani atanisikiliza? Jifunze kujifunga. Ukifika umeshafungwa, ataanzia wapi?"

Mpishi huyo alikuwa anafunga utepe kwenye masanduku ya keki tangu ujana wake. Sasa alishika ncha mbili za tai, akazining'iniza shingoni mwa chupa.

"Tazama. Hii iwe ndefu kidogo. Ipitishe juu ya mwenzake, ichomoze kwa chini. Ikunje hiyo fupi, huyo ndiye kipepeo wako. Mfunike kwa ile ndefu, halafu sukuma kitanzi kwenye kijitundu cha nyuma. Si unafunga kamba za viatu kila siku? Ni fundo lile lile, limepanda ghorofani tu."

Chupa ilipendeza. Mhudumu akahamia kwenye shingo yake, akijitazama katika kioo cha mlango wa jiko. Mara ya kwanza fundo lilifumuka. Mara ya pili kipepeo akatulia, mabawa sawasawa. Mpishi alipiga makofi mpaka unga ukaruka, na mhudumu akacheka, kicheko alichokuwa amekisahau.

Aliipita foleni bila kugeuka, akashika njia ya ukumbini. Alijisikia mwepesi. Alikuwa amebakiza hatua chache tu kuzifikia meza.

"Wewe." Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi. "Imepinda."

"Kwenye kioo imenyooka, bosi."

"Kioo ndicho kilichokuajiri? Ingia."

Wenzake walitazama viatu vyao. Aliingia. Ufunguo ukazunguka katika kitasa.

Msimamizi hakumwambia aketi. Alishika ncha moja ya tai, akaivuta, na kazi yote ya jikoni ikafumuka kwa mvuto mmoja.

"Nani amekufundisha? Mimi sikutoshi?"

Vidole vya baridi vikaingia ndani ya kola. Vikafungua kifungo cha kwanza cha shati, vikakitafuta cha pili. Safari hii hasira ilimfika mhudumu mdomoni. Aliukamata mkono ule, akausukuma mbali.

"Usiniguse! Jamani, njooni! Njooni muone!"

Sauti yake ilimshangaza hata mwenyewe. Nje viti vilikwaruza sakafu, viatu vikaja mbio, na mtu akauparamia mlango kwa bega. Mhudumu alifumba macho kwa ahueni. Hatimaye wangejionea wenyewe, na hakuna ambaye angecheka tena.

Kitasa kilivunjika. Msimamizi hakusema neno, wala hakuna aliyeuliza kitu. Walinzi wawili walimrukia mhudumu, wakambana uso ukutani, wakimfokea, "Mwanamume mzima, huna haya!" huku yule mzee afisa utumishi akivua koti lake na kumfunika nalo mama msimamizi mabegani.