Nyumba Mbili Ndogo

Tangu maandishi yaondolewe kwenye kompyuta zote za nyumbani, Mwanakombo alikuwa akiishi kwa picha. Kijiko kiliwasha jiko, tone lilifungua maji. Taabu ilikuwa picha mbili za nyumba, ndogo kama kucha, zilizotofautiana kwa moshi tu. Yenye moshi ilisema mume yupo. Isiyo na moshi ilisema amehama.

Jumatatu asubuhi, vidole vikiwa na unga, alibonyeza isiyo na moshi. Ile nyingine ikatoweka palepale. Jioni mlango ulikataa kumfungulia Hizza, mumewe.

"Nimekosea, Baba Siwatu," alimwambia kupitia dirisha. "Natafuta picha ya kukurudisha."

"Tafuta taratibu. Watu wa makazi wameshanipa chumba ng'ambo ya reli."

Mwanakombo hakutulia tena. Alibonyeza mshale, taa zikazimika. Alibonyeza duara, banda likafunguka na kuku wakatapakaa uani. Kila jioni Hizza alipita dirishani kuuliza amefikia wapi. Kisha akawa anapita siku moja moja.

Siku ya kumi na tisa aliiona pembeni kabisa, nyumba yenye moshi, imepauka. Akaibonyeza, na mlango ukafunguka. Alimpigia mumewe simu.

"Mlango uko wazi. Njoo nyumbani."

"Nitakuja keshokutwa, Mama Siwatu. Leo nimeshapika."

Mwanakombo alibaki mbele ya kompyuta, akijiuliza mumewe alijifunza kupika lini.