Vibanio vya Tundu

Tangu anga lifungwe, hata ndege ya mbao ya kuchezea ilikuwa marufuku, na Dirisha la Vipuri halikumpa mtu hata skrubu bila kumhoji. Lakini vibanio vya fremu ya Machano, vile vinavyoshikilia mabawa mpaka gundi ikauke, vilikuwa vimekatika.

“Sema ni vya tundu la kufugia ndege,” mkewe Riziki alimsihi. “Na ulimi wako uuchunge.”

Pale dirishani sauti nyororo ikamuuliza, “Vibanio vya nini, baba?”

“Vya tundu. Ndege wangu wanatoroka.”

“Pole. Wanakula vizuri?”

“Mtama tu,” alijibu.

“Na yule mkubwa?”

“Aa, ile bado haijakauka...” Akajiuma ulimi. “Yaani huyo, manyoya bado hayajamkauka. Nimemwogesha.”

Sauti ikacheka kidogo, ikampa vibanio vyake.

Nyumbani vilikaa kwenye fremu sawasawa, utadhani vilizaliwa nayo.

“Hukuteleza popote?” Riziki akauliza.

“Hata kidogo.”

Mara mlango ukagongwa.

“Hodi, wenyewe! Tumekuja kuiona ndege.”