Piano Iliyowapa Watu Mgongo

Piano ilikuwa imewapa watu mgongo, na hilo peke yake lilimtosha Suud. Mpigaji mkweli ana nini cha kuficha? Jukwaani kilionekana kichwa cha Prodige tu, kikitikisika juu ya mbao kama cha kuku anayekunywa maji.

"Plebeki," akamnong'oneza mkewe, Tahani. "Kaficha spika pale nyuma, inapiga muziki uliorekodiwa."

Tahani aliendelea kutazama jukwaani. Alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile lilizidi kumchefua Suud. Ukumbi ulijaa mabwana wa mtaa wa kitajiri wa Rohero wenye tai, wamefumba macho kwa jazi wasiyoielewa. Hata mlevi angeangukia masufuria, hao wangempigia makofi.

Asingekuja kamwe, ila Prodige alikuwa mwalimu wa binti yao, Aya. Suud aliyavumilia masomo hayo kwa sharti moja: muziki uishie nyumbani. Binti wa ukoo wake akae mbele ya wanaume akipiga kinanda, hilo halizungumziki. Sasa mwalimu alikuwa amezua jipya, eti mtoto ana kipaji. Kipaji! Suud aliapa kwamba akimkamata Mkongo huyu anadanganya watu, masomo yamekwisha. Aya ndiye aliyemsihi aje asikilize kwanza. Kisha mwenyewe akabaki nyumbani, eti kichwa kinamuuma.

Njia ya mwongo ni fupi. Suud akanyanyuka, akapita mlango wa pembeni mpaka ubavuni mwa jukwaa, akaikuta swichi kubwa ya umeme, akaishusha.

Giza likaingia ukumbi mzima. Haya, spika na iseme sasa.

Muziki haukukatika. Ulipanda, ukashuka, ukapata ukali ambao haukuwa nao kwenye mwanga, mpaka malaika yakamsimama. Suud aliona aibu, na chini ya aibu ile furaha ambayo hakuitaka. Kumbe mtu yule anapiga kweli. Basi, akasema moyoni, Aya na aendelee kujifunza kwake.

Tochi ya simu ikamulika swichi.

"Papa Suud? Musogee kidogo, nirudishe courant," akasema Prodige.

Piano ilikuwa bado inalia taa zilipowaka. Kutoka pale ubavuni, nyuma yake kulionekana wazi: benchi refu, nusu yake tupu, na nusu ya pili amekaa Aya, peku, macho kayafumba, viatu vyake vya Iddi kavivua kando.