Blogu ya Kampuni ya Kiboko

Wanasimulia kwamba Kiboko, mkurugenzi wa kampuni ya maji ya mwituni, alichukia sana alipopata habari kuwa wanyama wote wanasoma blogu ya Chiriku, iliyoeleza shida ya mabomba makavu.

"Nasi tufungue yetu," alimwambia Kasuku, msemaji wa kampuni. "Tuseme na wateja kirafiki, kutoka moyoni mwangu. Kaandike wewe."

Kasuku akajaza kurasa saba za sifa, akazipeleka kwanza kwa Nungunungu, mwanasheria, aliyeogopa kesi kuliko moto.

"Umeandika 'maji safi'. Cheti kipo?"

"Hakipo."

"Futa. 'Kila siku.' Jana yalitoka?"

"Hayakutoka."

"Futa. 'Tunawapenda wateja.' Shahidi nani?"

Kasuku akafuta na hilo, akaendelea kufuta hadi ikabaki sentensi moja: "Si kweli kwamba mabomba yetu ni makavu."

"Hilo 'si kweli kwamba' utalithibitishaje mahakamani?"

Likafutwa. Asubuhi blogu ikatoka na maneno manne: "Mabomba yetu ni makavu."

Mwitu mzima ukaisoma. Hata Chiriku akakiri kwamba hajapata kuona kampuni inayosema kweli namna hiyo. Kiboko alipoona idadi ya wasomaji akajitunuku nishani ya uwazi, akaitisha sherehe.

Katikati ya hotuba Swala akainua ndoo yake tupu. "Mheshimiwa, wanangu wana kiu tangu juzi. Maji yatatoka lini?"

"Swali zuri mno!" Kiboko akachangamka. "Kasuku, liandikie makala."