Watu Wanane wa Meza ya Dirishani

Uvumi ulianzia gengeni Kilosa, ukamganda Mama Doris kama kupe: ile programu ya binti yake kule Mikumi haina hata mteja mmoja.

Doris alikuwa ameacha ualimu kwa ajili ya programu hiyo. Mtu anaweka nafasi kwa simu, akifika mgahawani anakuta meza inamsubiri. Migahawa minne ilikubali kujaribu kwa mwezi mmoja. Ikijitoa, ndiyo basi.

Mama akampigia.

"Mwanangu, mimi nilipoanza vitumbua pale stendi, niliwakalisha shangazi zako kwenye benchi kwanza, wakala. Wapita njia wakaona pana watu. Watu hufuata watu."

"Mama, huku ni mtandaoni. Hakuna benchi."

"Haya, nimenyamaza."

Akaingia ndani na simu yake. Kabla ya adhuhuri bando lilikuwa limekwisha.

Wiki iliyofuata oda zikachipuka kama uyoga. Doris alipiga simu akipayuka: meza zote za Jumamosi zimejaa! Mama akatoa machozi ya furaha, akamfunga kuku miguu, akapanda basi kwenda kujionea.

Jumamosi hiyo alimkuta Beda, mwenye mgahawa, kasimama katikati ya meza tupu, Doris mbele yake kainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Salamu ilipokwisha, Beda akarudi kwa Doris. "Watalii kumi na wanane nimewarudisha leo! Nawaambia samahani, pamejaa. Pamejaa nini? Nzi! Sufuria zima la pilau limelala. Na wenzangu watatu ni hivyo hivyo. Kesho tunajitoa."

"Hata wale wanane wa meza ya dirishani hawakuja?" Mama aliuliza, kuku akimponyoka.

"Hawakuja, mama."

Doris alimtazama mama yake. Akafungua simu, akapekua oda moja moja: majina mbalimbali, namba ile ile. Akaifunga.

"Kaka Beda, nipe Jumamosi moja tu. Wasipokuja tena, pilau yote nitaila mwenyewe."

"Na sufuria utaosha," Beda akasema, akijizuia kucheka.

Jioni hiyo migahawa yote minne ilipata ujumbe wa Doris:

Mambo ya kuepuka:
Kushikilia meza kupita nusu saa.
Kupokea oda bila kumpigia mteja kwanza.
Kumrudisha mwenye njaa kwa ajili ya jina tu.
Namba ya mama yangu, hata ikija kwa jina la askofu.